Risasi moja kwa swala na pofu: namna ya kuichagua

Kibali cha kuwinda kikitoka kina swala pala wawili na pofu mmoja, yule mkubwa wa jamii ya swala, bunduki huwa haikusumbui sana. Mara nyingi unayo moja tu, ndiyo iliyo kwenye leseni, na ndiyo utakayobeba. Kinachosumbua ni boksi lipi la risasi uweke kwenye gari kabla hujatoka Arusha au Moshi, maana swala pala ana kilo 50 na kitu, dume la pofu linaweza kupita kilo 600, na porini huchagui nani atatokea kwanza.

Wapo wanaobeba maboksi mawili, jepesi la swala na zito la pofu. Mimi siungi mkono. Vichwa vya uzito tofauti havitui mahali pamoja hata bunduki ikiwa ileile na darubini haijaguswa. Juu ya hapo, alfajiri ya Simanjiro vidole vikiwa vimekufa ganzi, ni rahisi sana kuingiza ya swala wakati aliyesimama mbele ni pofu. Beba aina moja, ichague kwa ajili ya pofu, halafu jifunze kumpiga swala kwa hiyohiyo. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya uamuzi huo.

Ili tusipishane: nikisema risasi nazungumzia kitu kizima, yaani ganda, fataki (kile kiwashio cha kwenye kitako), baruti na kichwa. Kichwa ni kile kinachotoka mtutuni na kwenda kwa mnyama.

1. Kibali kwanza, kisha mtutu

Soma orodha ya wanyama kwenye kibali. Kama kuna nyati, maamuzi yako yamekwisha: kanuni za uwindaji Tanzania zinadai kaliba (kipenyo cha kichwa, hapa kwa inchi) isiyopungua .375 kwa nyati, na bunduki hiyo itamtosha pofu na swala pia. Uwindaji unasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, silaha zina sheria yake ya 2015. Hakuna kuwinda usiku, hakuna kupiga ukiwa juu ya gari. Askari wa wanyamapori atakayefuatana nawe anayajua haya kuliko wewe, kwa hiyo usijaribu kumbembeleza.

Baada ya hapo geuza bunduki usome mtutu. Kaliba imechongwa pale, na kwenye kitako cha ganda la risasi imechongwa pia. Maandishi hayo lazima yafanane yote, si namba ya mwanzo peke yake. .308 Winchester, .30-06 Springfield na .300 Winchester Magnum zote zinarusha kichwa cha kipenyo kimoja, milimita 7.8 hivi, lakini maganda yake hayafanani urefu, na la .300 Winchester Magnum ni nene zaidi. Mtu akikuambia "hii nayo inaingia tu", mrudishie. Ganda lisilokaa sawasawa kwenye chumba cha bunduki linaweza kupasuka, na gesi yake hutafuta njia ya kurudi nyuma, ulipo uso wako.

2. Pima kaliba yako kwa kipimo cha watu wengine

Wenzetu wa Sweden wana tatizo kama letu kwa wanyama wengine: huku kulungu mdogo, kule elki, kulungu mkubwa kuliko wote duniani, ambaye dume lake hufika kilo 500. Wakaandika kipimo sheriani. Kwa elki, kichwa kiwe na gramu 9 au zaidi na kibaki na nguvu ya jouli 2,700 kikifika mita 100. Au kiwe na gramu 10 na zaidi, ambapo jouli 2,000 zinatosha. Kwetu si sheria, lakini sijaona kipimo rahisi zaidi cha kumpimia pofu, ambaye ni mzito kuliko elki wengi.

Maboksi mengi yanayouzwa huku yametoka Marekani au yanafuata mtindo wao, kwa hiyo uzito wa kichwa umeandikwa kwa greini. Gawanya kwa 15.4 upate gramu. Nguvu ikiwa imeandikwa kwa futi-pauni, zidisha kwa 1.36 upate jouli. Fanya hesabu hiyo kwenye simu ukiwa dukani, wala usione haya.

Sasa pitisha kaliba zinazojulikana kwenye kichujio hicho. .223 yenye kichwa cha greini 55 ni gramu 3.6, hiyo iache nyumbani. .243 yenye greini 100 ni gramu 6.5, inamtosha swala pala vizuri kabisa lakini kwa pofu haifiki hata karibu. .270 Winchester, iliyotoka mwaka 1925, ni mfano mzuri kuliko yote, kwa sababu kwa kichwa chake maarufu cha greini 130 (gramu 8.4) inashindwa mtihani, na kwa greini 150 (gramu 9.7) inafaulu. Bunduki ni ileile, kilichobadilika ni boksi.

.308 ya mwaka 1952 na .30-06 ya mwaka 1906 ndizo wengi wanazo, na zinafaulu bila shida. Kichwa cha greini 180 kutoka kwenye .308 kinatoka mtutuni kwa karibu mita 800 kwa sekunde, na kwenye mita 100 bado kina zaidi ya jouli 3,000. .30-06 inaongeza kidogo tu. .300 Winchester Magnum inaongeza zaidi, ila na teke la bunduki linaongezeka, na mtu anayefumba macho kabla ya kufyatua hasaidiwi na jouli zozote.

Kuna pia 9.3x62, ambayo Otto Bock wa Berlin aliitengeneza mwaka 1905 akiwalenga Wajerumani waliokuwa wakiishi na kuwinda Afrika, wakati huo Moshi na Arusha zikiwa ndani ya koloni lao. Kichwa chake cha greini 286 ni gramu 18.5. Kinakwenda polepole, mita 720 kwa sekunde hivi, na ndiyo maana hakichani nyama ya swala kama unavyoweza kudhani. Ukiwa nayo, ya kurithi au ya kununua, usiibadilishe kwa ajili ya mitindo.

Utasikia pia habari za Bell, yule mwindaji Mskoti aliyeangusha tembo wengi kwa 7x57, kaliba ya mwaka 1892. Ni kweli, lakini alitumia vichwa vigumu visivyofunguka, akilenga ubongo, na alikuwa na mkono ambao mimi na wewe hatuna.

3. Kichwa chenyewe

Hapa ndipo fedha yako itumike, na muda wako pia. Watu hubishana usiku kucha kambini kuhusu .308 na .30-06, ilhali tofauti ya kichwa kizuri na kibaya ndani ya kaliba moja ni kubwa kuliko tofauti ya kaliba hizo mbili.

Kichwa cha kuwindia kina kazi mbili zinazogombana. Kinatakiwa kifunguke, kitanuke kama uyoga ili kifanye jeraha pana. Na kinatakiwa kiendelee kwenda, kipite ngozi, bega, mbavu, kifike mapafuni na ikiwezekana kitokee upande wa pili ili damu imwagike chini na mfuatilia nyayo awe na cha kufuata. Kikifunguka upesi mno kinaishia begani. Kikikataa kufunguka kinatoboa tundu jembamba na mnyama anakwenda zake kufia mbali, anakula fisi.

Ile ya kijeshi, iliyovikwa koti gumu hadi nchani, haifunguki. Kwa swala au pofu isitumike kabisa, hata ikiwa rahisi, hata ikiwa ndiyo pekee iliyopo dukani. Vichwa vigumu vya tembo na nyati navyo viache kwenye shughuli hiyo.

Kichwa cha kawaida cha ncha laini ni koti la shaba lenye madini ya risasi ndani, na ncha ya madini hayo imeachwa wazi. Kwa swala pala hakuna kinachoshinda. Hufunguka mara moja, mnyama huanguka karibu. Kwa pofu, tatizo ni bega. Kikigonga mfupa ule kwa kasi kubwa, koti na madini huachana, vipande vinatawanyika, na mara nyingi kinachoendelea mbele ni nusu ya uzito uliolipia au chini yake. Vichwa vyenye ncha ya plastiki ya rangi, vinavyopendwa kwa uzuri na kwa masafa marefu, vingi viko kwenye kundi hili, vingine vikiwa laini kupita hata ncha laini ya kawaida. Rangi isikudanganye. Soma kwenye boksi jinsi kilivyojengwa.

Tatizo hilo si la leo. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa akiwinda elki British Columbia, Kanada, kwa .300 H&H Magnum, na vichwa vyake vikawa vinapasuka juu ya ngozi iliyoganda matope bila kufika ndani. Akarudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inafunguka na hata ikimomonyoka, ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma. Hicho ndicho Nosler Partition, na bado kinauzwa. Kwa kazi yetu ya swala na pofu kimekaa kama kilitengenezwa Monduli, kwa sababu nusu ya mbele ni laini vya kutosha kumfungukia swala na ya nyuma inamfikia pofu. Swift A-Frame ni ndugu yake, mgumu zaidi.

Kundi la pili ni vichwa ambavyo madini ya ndani yamegandishwa na koti kiwandani yasiachane. Kwenye boksi neno la kutafuta ni "bonded". Hivi hubaki na sehemu kubwa ya uzito wake hata vikivunja mfupa, na bei yake kwa kawaida iko katikati. Kama mtu ananiuliza haraka, akiwa kaunta, anunue nini kwa .308 au .30-06, ninamwambia greini 180 ya aina hii, aondoke.

La tatu ni shaba tupu, isiyo na madini ya risasi kabisa, mfano Barnes TSX. Kinafunguka kwa petali nne na kubaki na karibu uzito wake wote. Kwa pofu ni kazi safi. Kwa swala kinahitaji uelewa kidogo, nitaueleza chini. Kina masharti mawili. Kinataka kasi: kikifika kimepungua chini ya mita 600 kwa sekunde hivi, huanza kukaidi kufunguka, kwa hiyo si cha kupigia mbali mno. Na kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, na mtutu ambao mifereji yake ya ndani, ile inayokizungusha kichwa, inazunguka taratibu unaweza kushindwa kukituliza. Dawa ya yote mawili ni kushuka daraja moja la uzito.

4. Uzito, kwa ufupi

Kwa .308 na .30-06: greini 180 kwa ncha laini iliyogandishwa au ya ukuta, 150 hadi 168 kwa shaba tupu. Kwa .270: 150, au 130 kama ni shaba tupu, ingawa hapo unakuwa umetoka nje ya kipimo cha Sweden. Kwa .300 Winchester Magnum panda hadi 180 au 200 na usikubali kichwa laini cha kawaida, kwa sababu kasi yake ndiyo inayokipasua. Bunduki hii ikipewa kichwa laini huharibu sehemu nzima ya mbele ya swala na bado haimfikii pofu ndani. Kwa 9.3x62, 286. Kwa .375, 270 au 300.

5. Nunua boksi moja moja kwanza

Duka halitakuuzia bila leseni ya silaha wala kaliba isiyo yako, hilo linajulikana. Usilolijua kabla ya kujaribu ni risasi gani bunduki yako inaipenda. Bunduki mbili za kiwanda kimoja na kaliba moja zinaweza kukataliana kabisa juu ya boksi moja.

Chukua boksi moja moja la aina mbili tofauti kati ya zilizopita mchujo wa hapo juu. Nenda kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, weka karatasi mita 100, egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, piga tatu tatu. Acha mtutu upoe kati ya kila kundi. Kwenye jua la saa sita Moshi hilo linachukua muda, lete kiti na chai. Tundu tatu zikikaa ndani ya sentimita 5 hadi 6, umepata. Hakuna haja ya kuhangaikia sentimita 2, pofu hana habari nazo. Angalia zaidi tundu la kwanza kabisa, lililotoka mtutu ukiwa baridi, maana porini ndilo utakalopiga.

Aina iliyoshinda, irudie dukani ununue ya kukutosha kwa msimu, na hakikisha namba ya toleo iliyogongwa kwenye boksi ni ileile. Toleo likibadilika, mahali pa kutua panaweza kusogea.

6. Darubini na masafa

Nyika za Longido na Simanjiro ziko wazi, na swala mara nyingi atakuruhusu mita 120 hadi 200, si zaidi ya hapo kwa mtu wa kawaida. Kwenye vichaka vya migunga ni mita 60 au 80. Kwa .308 au .30-06 yenye greini 180, rekebisha darubini ili kichwa kitue sentimita 6 juu ya alama kwenye mita 100. Kitakuwa kwenye alama karibu na mita 200, na hapo katikati popote lenga moja kwa moja bila hesabu. Mita 300 kitakuwa kimeshuka robo mita hivi, ambayo ni tofauti ya moyo na mguu. Sogea karibu.

Watu huuliza habari ya mwinuko, kwamba umerekebisha Moshi kwenye mita 800 na kitu na unawinda West Kilimanjaro juu zaidi. Hewa ikiwa nyepesi kichwa hushuka pungufu, ila kwa kiasi kidogo tu. Ndani ya mita 200 hutaona. Kinachoharibu kweli ni barabara. Saa nne za kutikiswa nyuma ya Land Cruiser zinaweza kulegeza skrubu za darubini, kwa hiyo piga risasi moja ya kuhakikisha ukifika kambini, kabla ya siku ya kwanza. Kambi zinazojua kazi zitakudai ufanye hivyo hata usipopenda.

Fanya pia mazoezi ukiwa umesimama na kuegemea miti mitatu iliyofungwa juu, kwa sababu ndiyo utakayokuwa nayo porini, wala si meza.

7. Swala kwa risasi ya pofu

Swala akiwa ubavu wazi, fuata mstari wa nyuma wa mguu wa mbele kwenda juu, ukomee theluthi ya kifua kutoka chini. Moyo wa hawa wanyama wetu uko chini na mbele kuliko wengi wanavyodhani. Kwa kichwa cha ncha laini au cha ukuta, hapo panatosha. Kwa shaba tupu sogea mbele kidogo, upige bega lenyewe, ili mfupa ukilazimishe kufunguka. Utapoteza nyama ya bega, ila kidogo kuliko ambavyo kichwa laini kingeharibu mahali pale pale.

Hatari kubwa ya kichwa kigumu kwa swala ni kwamba kitatoka upande wa pili kikiwa bado na nguvu nyingi. Swala pala hukaa kundi, na ukimpiga huyu unaweza kumjeruhi yule nyuma yake. Aliyejeruhiwa lazima umfuate, na atahesabiwa kwenye kibali chako. Subiri mpaka uliyemchagua asimame peke yake, hata kama mfuatilia nyayo anakuguna sikioni.

Kwa pofu lengo ni lilelile, begani, theluthi ya chini, ila usihesabu ile ngozi inayoning'inia shingoni kuwa ni kifua. Ikikudanganya utapiga chini mno. Akiwa amekupa mgongo kwa pembeni, lenga ili kichwa kitokee kwenye bega la upande wa pili. Akikutazama moja kwa moja, mwache ageuke. Baada ya risasi ya kwanza ingiza ya pili hapohapo bila kushangaa, kwa sababu pofu aliyejeruhiwa anaweza kukimbia mwendo wa taratibu kilomita nyingi asichoke.

8. Nyama na mabaki

Kichwa chenye madini ya risasi huacha chembe ndogo kwenye nyama, mbali kuliko jeraha linavyoonekana. Kata kwa ukarimu kuzunguka tundu na utupe, hasa kama nyama inaenda kwa watoto au mjamzito. Tai nao hula matumbo tunayoyaacha, na chembe hizo huwasumisha; jimbo la California lilipiga marufuku madini ya risasi kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019 kwa sababu ya tai wao. Huku hakuna katazo hilo, lakini ukitumia ncha laini, fukia matumbo, na kama mfuko unaruhusu nenda na shaba.

Risasi zilizobaki zisikae juu ya dashibodi. Joto la pale hupandisha shinikizo la baruti, na risasi iliyooka siku nzima haitui ilipotua asubuhi. Ile uliyoiingiza na kuitoa chumbani mara kwa mara bila kuipiga, itenge: kichwa chake huweza kusukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo, na hiyo nayo hupandisha shinikizo. Ziweke kwenye boksi lake la asili, lenye jina, uzito na namba ya toleo, zifungie mbali na bunduki, na uandike kwenye kifuniko kwa kalamu umbali uliorekebishia darubini na tarehe.